Kupanga Safari ya Kayaki Mto Mathioya: Maji Wanayajua, Bei Yao Haieleweki

Mto Mathioya huanzia katika milima ya Nyandarua na kuteremka kwa kasi kupitia mashamba ya chai na kahawa ya Murang'a hadi unapojiunga na Mto Sagana, ambao ndio sehemu ya juu ya Tana. Ni mto mwembamba wenye mawe mengi na kona za ghafla, usiofaa kuendewa kwa kubahatisha, na ndiyo maana kikundi chetu kilikabidhi mipango yote kwa kampuni moja yenye kambi karibu na mji wa Sagana, yapata kilomita 100 kutoka Nairobi. Jina lake silitaji, kwa kuwa nina malalamiko juu ya fedha ambayo sikuwa na njia ya kuyathibitisha kwa wateja wengine.

Tulipopiga simu, swali la kwanza tuliloulizwa halikuhusu idadi yetu wala malipo, bali kama tungekuwa tayari kuahirisha tarehe. Sababu yake ilielezwa vizuri. Wakati wa kiangazi mawe ya Mathioya hujitokeza hata kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa kasia, ikakosa pa kupita, ilhali baada ya mvua kubwa ya masika maji hufunika zile sehemu tulivu nyuma ya miamba ambako mpiga kasia hujibanza ili apumue na kutazama mbele. Isitoshe, mvua inaweza kunyesha Nyandarua huku Murang'a kukiwa na jua kali, na mto ukafurika bila wingu lolote kuonekana. Kituo cha umeme cha Wanjii nacho hutumia maji ya Mathioya na Maragua, kwa hiyo kimo cha maji unachokiona sehemu moja ya mto hakitoshi kukuambia hali ilivyo kwingine. Haya yote yalizungumzwa kabla ya kutajwa shilingi hata moja, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloipa huduma hii thamani yake.

Asubuhi ya safari, kabla ya kayaki kushushwa garini, kiongozi wetu aliteremka peke yake hadi chini ya daraja akatazama nguzo. Juu ya maji palikuwa na mstari wa unyevu wenye upana wa kiganja, ishara kwamba mto ulikuwa unapungua. Kama angeona povu zito na vijiti vikielea, alisema, angetuhamishia Mto Sagana bila kujadiliana na mtu. Wenzetu ambao hawakuwa na uzoefu wa kutosha walikuwa wamekwisha kupangiwa boti la mpira huko Sagana, na hawakufichwa sababu: ugumu wa mito hupimwa kwa daraja la kwanza hadi la sita, na mtu anayemudu maji ya daraja la pili hapaswi kujaribiwa kwenye la nne kwa kuwa tu amelipa.

Vifaa vilikuwa vizuri kwa jumla. Kila jaketi la kuokolea lilikaguliwa kwa kuvutwa juu mabegani, na lililopanda hadi masikioni lilikazwa upya. Tulikumbushwa kutovaa nguo za pamba, ambazo hushika maji na kumtia mtu baridi, na kwamba anayeanguka majini alale chali miguu ikitangulia, asijaribu kusimama, kwa sababu mguu ukinaswa kati ya mawe mkondo humlaza kifudifudi. Kasoro niliyoiona ni kifuniko cha mpira cha kayaki yangu, kile kinachofungwa kiunoni ili maji yasiingie ndani, ambacho kilikuwa kimelegea hata ikanilazimu kusimama ukingoni mara kwa mara nimwage maji.

Upande wa fedha ndio ulioniudhi. Tulilipa arbuni kwa M-Pesa tukiamini kwamba bei tuliyopewa imejumlisha kila kitu, kumbe gari linalowapandisha wapiga kasia na kwenda kuwangoja mwisho wa safari lina malipo yake, na chakula cha mchana vilevile. Tena, kwenye simu tuliambiwa kwamba safari ikiahirishwa kwa sababu ya maji arbuni haipotei, lakini stakabadhi iliandikwa kwamba hairudishwi kwa hali yoyote. Kampuni inayomshauri mteja aahirishe safari kwa usalama wake haina budi kumwandikia kwamba fedha yake iko salama, la sivyo wapo watakaong'ang'ania kuingia mtoni siku mbaya wakiogopa hasara.

Kwa mwenye kujua kupiga kasia na kujiokoa, naipendekeza huduma hii, mradi adai maelezo yote ya bei kwa maandishi kabla ya kutuma chochote. Anayeanza aombe Sagana. Barabara kuu kutoka Kenol ni pana na nzuri, ila kipande cha mwisho kuelekea mtoni ni cha udongo na huteleza vibaya baada ya mvua, hivyo mwenye gari dogo aliache kambini.