Uzoefu wangu: ziara ya siku nzima kwenye sanamu za Rapa Nui

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeibana kwa sababu ya kampuni. Mwongoza watalii angekuwa anapimwa peke yake ningempa sita.

Rapa Nui, ambayo ramani nyingi huiita Kisiwa cha Pasaka, ni ya Chile, ila iko zaidi ya kilomita 3,500 kutoka bara. Ndege inatoka Santiago, na kwa zaidi ya saa tano ni maji tu chini yako. Tiketi ya hifadhi hununuliwa kando na ziara. Kampuni yetu ilituandikia kwamba kila kitu kimelipiwa, kumbe asubuhi dereva anatuuliza tiketi ziko wapi! Muda mzuri ukaishia kwenye foleni pale mjini Hanga Roa. Chakula cha mchana kikawa mkate mkavu na juisi ya boksi. Kwa hela ile, hapana jamani.

Sasa mwongozaji wetu, mzee mzawa wa kisiwa. Hakutupigia hadithi garini. Alitupeleka moja kwa moja Rano Raraku, mlima wa volkano ambako karibu sanamu zote zilichongwa. Kisiwa kina moai, ndilo jina la sanamu hizi, karibu 1,000, na kama 400 kati yake hazijawahi kutoka pale. Akatusimamisha mbele ya mmoja ambao haukumalizika: umelala chali, pua imeshatokeza, lakini mgongo bado umeshikana na mlima kwa uti mwembamba wa jiwe. Ubavuni unaona mapigo ya toki, tezo ya jiwe gumu, moja baada ya jingine, kama fundi kaenda kunywa maji. Uti ule ulikatwa mwishoni, sanamu ikateremshwa mtelemkoni, ikasimamishwa shimoni ili mgongo umaliziwe. Vile vichwa mnavyoviona kwenye picha vina kiwiliwili kizima. Udongo ndio umevifukia. Na havina matundu ya macho, kwa sababu macho yalichongwa sanamu ikishafika kwenye jukwaa lake, ahu.

Kijana mmoja akauliza kuhusu viumbe wa sayari nyingine (hakosekani mtu wa namna hii). Mzee akacheka, akatuonyesha Te Tokanga, sanamu ya takriban mita 21 ambayo ingali mwambani. "Hao wa angani waliondoka kazi haijaisha?"

Waliochonga ni mababu zake, Wapolinesia, watu wa visiwa vya Pasifiki, waliofika kwa mitumbwi mnamo karne ya 13 au kabla kidogo. Simulizi za kisiwani zinamtaja mfalme Hotu Matu'a akitua ufukwe wa Anakena. Mnorwei Thor Heyerdahl alisafiri kwa chelezo Kon-Tiki mwaka 1947 kuonyesha kwamba watu wangeweza kufika visiwa vya huku kutoka Amerika Kusini. Lakini utafiti wa DNA uliochapishwa 2024 umeonyesha kuwa wenyeji ni Wapolinesia, waliochanganya damu na watu wa Amerika kabla Wazungu hawajafika 1722. Mimi mtu wa pwani nikafikiria matengo ya ngalawa zetu: nayo yanahusishwa na mabaharia wa ukoo huohuo wa lugha, waliofika hadi Madagaska.

Je, zilisafirishwaje? Simulizi zinasema zilitembea zenyewe kwa mana, yaani nguvu ya kiroho. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba watu 18 wenye kamba wanaweza kuitembeza nakala ya tani zaidi ya 4 ikiwa imesimama, wakiiyumbisha huku na huku. Wapo wanaobisha, lakini mimi nimekubali, hasa baada ya kuziona zile zilizoangukia kando ya njia za kale.

Ahu Tongariki, kwenye zile sanamu 15 zilizojipanga zikiipa bahari mgongo, tulifika jua la utosini na mabasi yamejaa. Zilikuwa zimeshaangushwa zamani, tsunami ya 1960 ikazisomba, zikasimamishwa tena miaka ya 1990 kwa kreni kutoka Japani. Nendeni alfajiri.

Lawama yangu kubwa ni muda: Rano Raraku tulipewa kama saa moja, na tiketi inakuruhusu kuingia pale mara moja tu. Mkienda, tafuteni mwongozaji mzawa moja kwa moja bila dalali, kubalianeni naye muda wa Rano Raraku kabla ya kulipa, na bebeni chakula chenu.