"Understanding Exposure" cha Bryan Peterson kwa anayejifunza kamera Goma

Kitabu hiki kilitoka kwanza mwaka 1990, na toleo la nne ni la 2016. Kinafundisha jambo moja: namna tundu la lenzi, kasi ya shata (kilango kinachofunguka na kufungwa ndani ya kamera) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) vinavyogawana kazi ya kupata mwanga wa picha. Kiingereza kikikusumbua, namba zilizoandikwa chini ya picha bado zitakusaidia.

Peterson anaeleza tundu kwa kazi zake. Ukubwa wake huandikwa kwa f/, na namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. f/16 hadi f/22 ni ya kuonyesha vizuri vya mbele na vya nyuma pamoja, f/8 au f/11, vitu vikiwa umbali mmoja, f/2.8 hadi f/5.6, kumtenga mtu na kilicho nyuma yake. Mpango mzuri, ila lenzi ya 18-55 mm inayouzwa pamoja na kamera ukiivuta hadi 55 huishia f/5.6. Basi msogelee mtu, naye akae mbali na ukuta mita nne au tano. f/22 nayo hupunguza ukali wa picha nzima kwenye kamera yenye sensa ndogo (sensa ni kibamba kinachopokea mwanga). Kwa 18 mm weka f/11, lenga kitu kilicho umbali wa mita moja na nusu: kuanzia sentimita 75 hivi hadi mlima Nyiragongo, vyote vitaonekana vizuri.

Sura za kupima mwanga ndizo zinazostahili pesa yako. Kipima mwanga hudhani kila kinachokiona ni kijivu. Hapa Goma kuta, viwanja na njia nyingi ni jiwe jeusi la volkano, kwa hiyo kamera huongeza mwanga kupita kiasi: jiwe linatoka kijivu, shati jeupe linapoteza mikunjo yake. Lava ikijaza picha, tumia kitufe cha +/− (cha kuongeza au kupunguza mwanga) kushuka hadi −1, tazama, kisha shusha tena ikibidi. Gauni la bibi harusi ni kinyume chake: anza na +1.

Peterson anashauri upime anga la buluu, upande usio na jua, uweke namba za tundu na kasi mwenyewe kwenye M (hali ya kamera isiyojipangia chochote), ndipo umrudie unayempiga. Hila hii hapa hukwama mara kwa mara, maana mawingu na moshi wa Nyiragongo hulifanya anga kuwa jeupe. Shika hila yake ya pili: pima majani mabichi, ushushe kipimo theluthi mbili (−2/3). Majani yawe kwenye mwanga uleule ulio juu ya mtu wako, na uliepuke jani la mgomba linalong'aa jua. Nyasi ni salama zaidi.

Kwa chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) inayoteremka, weka kasi ya 1/30 ya sekunde na uifuate na kamera kwa kuzungusha kiuno, si mikono. Jua likiwa kali, hata f/22 na ISO 100 inadai karibu 1/50, kwa hiyo fanya zoezi hili alfajiri au chini ya wingu.

Mwanga wa jioni usiusubiri kama msomaji wa Ulaya. Karibu na ikweta jua huanguka wima. Ule mwanga wa dhahabu hudumu dakika 25 hivi. Kamera iwe tayari ufukweni mwa ziwa Kivu mapema.

Mwenye simu tu asikinunue kwanza: tundu la simu nyingi halibadiliki, na nusu ya mazoezi hayatawezekana.