Viti vya mtindo wa miaka ya 60 nilivyonunua Iringa: miezi tisa baadaye

Nilivipata Iringa mjini Septemba iliyopita, kwa muuza fanicha za mtumba. Viti viwili vya mikono na kabati la droo tatu, fupi kwa kimo na refu kwa upana, ule mtindo uliovuma Denmark na Marekani miaka ya 1950 na 1960: miguu myembamba inayochongoka kuelekea chini na kutanuka nje kidogo, nakshi hakuna, urembo wote ni mistari ya mbao yenyewe. Laki sita na nusu, baada ya kuvutana bei mpaka chai ikapoa. Fuso lililokuwa likirudi tupu likanibebea mpaka Mbeya.

Muuzaji aliapa ni mtiki, mbao waliyoipenda sana mafundi wa Denmark. Fundi wangu wa Mwanjelwa hakubisha. Alipindua kiti, akakwangua chini ya kikalio kwa kisu, ikatokea kahawia yenye wekundu. "Dada, huu mninga. Kimechongwa huku huku." Kumbe nimenunua Udenmark wa kwetu! Sikuumia. Mninga ukishakauka hauvimbi wala kusinyaa sana, na droo mbili za kabati zilipita masika yote zikiteleza kwa kidole kimoja. Ya tatu ilikuwa imebadilishwa kwa paina. Mvua za Januari ziliivimbisha ikagoma, ikafungia vitambaa vyangu vya meza mpaka Mei.

Kilichoniudhi ni vanishi. Muuzaji alipaka nzito, inang'aa kama sufuria mpya, na chini yake matundu ya bungua, wadudu wanaotoboa mbao, yamezibwa kwa unga wa mbao na gundi. Desemba nikaanza kuona vumbi laini sakafuni, kila asubuhi kwenye mguu ule ule wa nyuma. Fundi alipiga msasa, akaingiza dawa tundu moja moja kwa bomba la sindano: elfu thelathini. Nilipompigia muuzaji alinijibu, "Dada, mzee hakosi mvi." Nilikata simu nikacheka, ila hela yangu sijarudishiwa. Ukienda kwa watu hawa, pindua kila kitu na uangalie miguu kabla ya kutaja bei.

Kwa kukaa, havina mpinzani. Mgongo unalala wenyewe. Ila viko chini mno. Mama mkwe alikaa mara moja, tukamnyanyua watu wawili, tangu hapo anaomba kigoda.

Droo ya paina nataka itengenezwe upya kwa mninga. Fundi kaupata ubao, ila anasema bado mbichi, nisubiri.