TAHADHARI: Mzee anayeuza Kombi za zamani kwa "cheti cha Uingereza"

Jamani, naandika nikiwa na hasira hata mikono inatetemeka. Ile Kombi mliyoiona kwenye stetasi yangu, basi dogo la Volkswagen lenye kitanda na jiko ndani, la krimu na kijani, ambayo wengine mlishaanza kuniuliza Pangani tunaondoka lini, ipo mtaa wa Gerezani, Kariakoo, kwa fundi bodi. Imewekwa juu ya magogo, sakafu imeng'olewa. Aliyeniuzia hapokei simu.

Najua wapo watakaosema "mtu msomi kama wewe". Basi sikilizeni ilivyokuwa.

Yadi yake ipo njia ya Kawe. Nilimkuta mtu mzima, shati limepigwa pasi, anazungumza taratibu. "Karibu mwanangu." Akavuta mlango wa pembeni, akanyanyua paa, akawasha jiko la gesi la humo ndani na kuchemsha chai. Tukanywa tumekaa kwenye kile kiti kinachokunjuliwa kuwa kitanda. Hakuongelea bei kabisa. Tulipomaliza ndipo akatoa faili la plastiki, akachomoa karatasi moja, akailaza kwenye kimeza na kuweka kidole pale palipoandikwa kwamba gari limefaulu.

"Hii ni MOT, mwanangu, cheti cha ukaguzi wa gari. Uingereza gari likishafika miaka 3 linakaguliwa kila mwaka, na likiwa bovu haliruhusiwi barabarani. Hii Volkswagen ya 1976 imefaulu kila mwaka. Wale wakaguzi hawahongeki." Aliapa kwa jina la Mungu, ananitazama machoni.

Nani asingeamini? Kadi ya gari nilishaihakiki, ilikuwa safi. Injini iliwaka papo hapo. Tuliizungusha mpaka Mbezi Beach na kurudi, breki zinashika, usukani hauvuti upande. Shemeji alikuwepo, na yeye magari anayajua. Rangi inang'aa, chini imepakwa kitu kizito cheusi, mzee akasema ndiyo dawa ya kutu ya Wazungu. Na karatasi ilikuwa halisi, hilo mlielewe. Hakughushi. Alichukua karatasi ya kweli akaifunika nayo gari lililooza. Nikalipa shilingi milioni 18.

Siku naipeleka kubadilisha tairi, kijana akaweka jeki mahali pake hasa, chini ya mlango. Badala ya gari kupanda, jeki ikapanda ndani ya gari. Chuma kilipasuka, kutu ikamwagika kama unga, ikafuatiwa na mabonge ya puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, na magazeti yaliyofinyangwa. Magazeti ya Kiswahili! Kwa hiyo kazi ile imefanyika hapa hapa, haikutoka Uingereza. Watu wakajaa wanapiga picha, mimi nimesimama nimeshika ufunguo.

Fundi bodi alipogongagonga akakuta boriti za chini zimelika mpaka karibu na zinaposhikia miguu ya magurudumu ya mbele na mikanda ya viti. Mikanda ambayo ningewafunga wanangu! Mpira wa gesi wa lile jiko nao umechanika, na ile MOT haikagui jiko kabisa.

Mpwa wangu akachukua namba ya zamani ya gari iliyo kwenye cheti, akaiingiza kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Ni bure, na ina matokeo tangu 2005. Ile Kombi ilishafeli kwa kutu zaidi ya mara moja, ikachomelewa, ikafaulu. Mara ya mwisho kukaguliwa ni 2017. Baada ya hapo hakuna kitu, kwa sababu kuanzia 20 Mei 2018 kule magari yaliyopita miaka 40 ambayo hayajabadilishwa sana hayalazimiki kukaguliwa tena. Hiyo ndiyo "kila mwaka" ya mzee. Na hata mwaka huo wa mwisho, mkaguzi wa kule haruhusiwi kufungua wala kubomoa chochote, anapima hali ya siku ile tu.

Mtu huyu anastahili jela. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka 7, na mimi nataka yote saba. RB, namba ya taarifa ya polisi, nimeshachukua. Yadi ifungwe, na fundi aliyemkandikia yale magazeti akamatwe pamoja naye, maana alijua kuna watu watapanda humo. Sitaki suluhu wala kurudishiwa nusu. Msinitumie wazee wa kuja kunibembeleza.

Mnaotafuta Kombi: tarehe ya cheti itazameni kwanza, namba iingizwe kwenye ile tovuti kabla ya kutoa hata mia. Beba sumaku, kwenye puti haishiki. Weusi mpya chini ya gari la zamani ukwanguliwe, muuzaji akikataa ondoka. Na jeki iwekwe mbele yake.

Jana jirani yake kaniambia ile nyingine ya bluu bado ipo yadini, na kuna mtu wa Tabata ametoa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi. Kama unamfahamu, mpigie leo. Na kama ulishauziwa na mzee huyu, njoo inbox na karatasi zako, tuunganishe malalamiko.