Besi nyepesi: preampu ya fono ao sabufa?

Hapa Lubumbashi debati haiishi: kama diski za vinyl zinatoa besi nyepesi, ununue preampu ya fono (kifaa kidogo cha kuweka kati ya mashini ya diski na ampli) ao sabufa (bafle ya besi)? Ju ya diski besi inapunguzwa makusudi, karibu desibeli 20 kwenye 20 Hz (sauti nzito kabisa), njo preampu inairudisha kufuata kipimo cha RIAA (chama cha makampuni ya muziki ya Amerika) cha 1954, bila ile hata sabufa kubwa haina cha kupiga. Preampu ni bei ya chini, haisumbui, lakini kama ampli iko na tundu ya PHONO usinunue, preampu iko tayari ndani, ukipitisha mara mbili sauti inavurugika. Sabufa ni feza mingi na inakula umeme, ila kwa bafle ndogo njo inaleta tumbo la rumba. Kwangu Katuba ilikuwa waya tu, nyekundu na nyeusi zimegeuzwa ku bafle moja, nikazirudisha, besi ikaingia palepale!