Saltaire: kota za bosi Titus, nampa nyota 4

Wadau wa Leeds na Bradford huku Uingereza mnaouliza kila siku wikiendi twende wapi bila kumaliza hela, nendeni Saltaire, kijiji ambacho tajiri mwenye kiwanda aliwajengea wafanyakazi wake. Treni kutoka Leeds ni kama robo saa tu, ukishuka stesheni kiwanda hiki hapa, huhitaji ramani wala teksi. Mimi nilimpeleka mama mkwe, yuko hapa kututembelea kutoka Morogoro, na ujanani alipiga shifti kiwanda cha nguo kwa hiyo huyu sio mtu wa kubabaishwa na majengo.

Kwa wasiojua, Titus Salt alikuwa tajiri wa sufu, yaani manyoya ya kondoo, viwanda vyake viko Bradford mjini, na Bradford ya enzi hizo ni moshi, maji machafu, mara kipindupindu cha 1849 kikapita na watu. Jamaa akahamisha kila kitu pembeni ya mto Aire, mfereji unapita hapo, reli inapita hapo, mzigo unaingia na kutoka bila shida. Kiwanda kilifunguliwa 20 Septemba 1853, siku anatimiza miaka 50, halafu ndo zikafuata nyumba za wafanyakazi, zaidi ya 800. Jina ni Salt umeliunga na Aire, basi. Hela yake kubwa aliipata kwenye manyoya ya alpaka, yule mnyama wa Peru, alifanikiwa kuyasokota vizuri yakatoa kitambaa chenye mng'ao mabibi wa kizungu wakakigombania. Kwa hiyo msije huku kutafuta habari za kanga, hii ni sufu, pamba ilikuwa ng'ambo ya vilima, Lancashire.

Sasa watu wengi wanaingia kiwandani, siku hizi ni picha na maduka, wanaangalia michoro ya David Hockney (mzaliwa wa Bradford huyo, na kuingia ni bure), wananunua kitabu, haooo stesheni. Mnakosa uhondo. Uhondo uko mitaani. Pita George Street polepole, nyumba za wafanyakazi wa kawaida zimebanana, mawe ya rangi ya asali iliyopigwa moshi, halafu ukifika mwisho wa safu nyumba inapanda juu kuliko wenzake. Mama mkwe akasimama, mkoba kwapani, akaangalia, akasema "hapo alikaa nyapara, wote wanaochelewa anawaona." Na kweli, zile kubwa zilikuwa za wasimamizi! Mitaa nayo imepewa majina ya watoto wa Titus, Ada, Helen, Fanny, mkewe Caroline naye yumo, mpaka wasanifu majengo Lockwood na Mawson wana mitaa yao. Yaani unatoka kazini kwa bosi unaingia nyumba ya bosi kwenye mtaa wa mtoto wa bosi, Jumapili unasali kanisa alilojenga bosi, na ndimo alimozikwa.

Simnyimi haki yake, alijenga shule, hospitali, nyumba za wazee, bustani ng'ambo ya mto. Ila pombe marufuku kuuzwa. Na nguo zikining'inia mitaani wanasimulia alikuwa hazitaki kabisa, akajenga nyumba ya kufulia yenye mashine za mvuke, watu hawakuichangamkia, nani anataka jirani amhesabie viraka vya shuka? Siku hizi ukipita uchochoro wa nyuma nguo zimeanikwa kama kawaida, na baa moja ilifunguliwa ikaitwa Don't Tell Titus, yaani msimwambie Titus, hapo mama mkwe nilipomtafsiria alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Nyota moja nimekata kwa nini. Kwanza mgahawa mmoja wa mitaa ya jirani, sitautaja, skonzi imekauka kama tofali na chai imeletwa ya uvuguvugu. Pili, na hili ndo kubwa, kiwanda kilifungwa 1986, mwaka uliofuata akakinunua mfanyabiashara Jonathan Silver akaweka picha na maduka, sawa, ameokoa jengo, na tangu 2001 mji wote ni urithi wa dunia wa UNESCO. Lakini mama mkwe alizunguka ghorofa zote anauliza "mashine zinazofuma ziko wapi?" Hakuna, kuna viti vya bei mbaya. Alitaka kusikia ule mlio. Kwa hiyo Jumamosi ijayo nampeleka makumbusho ya viwanda ya Bradford, pale Eccleshill, huko bado wanaziwasha, na kuingia pia bure.