Mafuta ya kufukuza mbu bustanini: kipi ununue, kipi uache

Bustani yangu ni matuta matatu tu ya mchicha na bamia nyuma ya nyumba hapa Dar, na muda pekee wa kupalilia ni saa kumi na moja jioni nikishatoka kazini, muda ambao wale mbu wenye madoa meupe miguuni, wale wa dengue, nao wametoka kutafuta riziki. Unainama kung'oa gugu, ukija kushtuka vifundo vyote vishaliwa. Basi nimenunua karibu kila kachupa kalikoandikwa "asilia", na hivi ndo ninavyozipanga.

Namba moja ni mafuta ya mkaratusi wa limau, na hapa ndo watu wengi wanapigwa, manake yale ya mkaratusi wa kawaida ya kujifukiza mafua siyo haya kabisa. Geuza chupa usome nyuma, tafuta herufi PMD, ndo kiungo chenyewe kinachofukuza mbu, usipoziona rudisha. Ile ya asilimia 30 inaweza kukuvusha masaa kama sita, yaani umwagilie, upalilie, upige na stori na jirani. Ubaya wake ni bei, halafu maduka mengi ya dawa hawana. Mtoto wa chini ya miaka mitatu usimpake, na usifute jasho la usoni na mkono uliopaka, mi nililia kama nakata vitunguu vya shughuli nzima.

Ya pili karafuu. Inafanya kazi ila ikiwa yenyewe inaunguza ngozi, kwa hiyo tone moja mawili kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, ujaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono. Utanuka pilau jioni nzima, vumilia.

Mchaichai na ndugu yake sitronela nawaweka namba tatu. Harufu tamu, bei poa, lakini ukitoka jasho nusu saa tu imeshayeyuka unapaka tena. Na kupanda shina la mchaichai pembeni ya tuta hakusaidii kitu, labda uyasage majani.

Mwarobaini nunua, ila kwa ajili ya bamia. Changanya na maji na sabuni kidogo, puliza vidukari jioni jua likishapoa. Kujipaka mwenyewe hapana, ile harufu mke wangu alinihamishia barazani.

Udi wa mbu nje ni hela ya upepo, labda uwe umekaa sehemu moja, na usidhani zote ni maua ya pareto kama ile inayolimwa Iringa na Mbeya, nyingi siku hizi ni dawa ya kiwandani inayoiga pareto.

Bangili za kufukuza mbu hata usiulize bei. Mi nilivaa mbili, nikang'atwa hapo hapo juu ya bangili. Hela hiyo kachukue soksi ndefu za mpira mtumbani, chomekea suruali ndani, halafu mafuta upake mikono na shingo tu, chupa itakaa mara mbili.